Ngozi nyeupe na haki zake za kila siku katika Kongo ya zamani

Mwaka huu, katika kalasi ya historia, museminari mumoja aliinua mukono akaniuliza swali ambalo halijatoka katika kichwa changu. Tulikuwa tumemaliza habari za kauchu: Leopold II, inchi aliyoitawala kama shamba lake tangu mwaka 1885 hata 1908, mikono iliyokatwa, vijiji vilivyochomwa moto. Akasema: « Padri, hayo tumeyasikia. Lakini nkambo wangu alitumika kwa Muzungu huko Elisabethville mbele ya uhuru, naye husema kwamba bwana yule alikuwa mutu mwema. Alimupa hata velo. Basi kosa la bwana yule lilikuwa nini? »

Nilimujibu vibaya. Nilisema kwamba wema wa mutu mumoja hauondoi ubaya wa utawala, kisha kengele ikalia. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimufundishi mutu kitu. Wenzake walicheka kidogo, yeye akaandika katika daftari, nami nikatoka nikiona haya. Kurasa hizi ni jibu ambalo nilipaswa kumupa siku ile.

Ndugu wasomaji, sisi walimu wa historia tunapenda mambo makubwa: vita, mikataba, mauaji. Kauchu na damu yake inajulikana duniani pote, na ni vizuri ijulikane. Lakini utawala wa kauchu ulikwisha, na nyuma yake zilikuja karibu miaka 52 ya utawala wa Ubeleji, tangu 1908 hata 1960. Katika miaka ile watu wengi weusi hawakukatwa mukono. Walikatwa kitu kingine, kidogo kidogo, kila siku, dukani, njiani, lopitalini, na mara nyingi aliyeshika kisu hakujua kwamba anakishika.

Huko Marekani mwalimu mumoja mwanamuke, Peggy McIntosh wa Wellesley College, mweupe mwenyewe, aliandika katika mwaka 1988 hesabu ya mambo madogo ambayo yeye huyapata kwa sababu ya ngozi yake tu, pasipo kuyaomba wala kuyatumikia. Si mambo ya kutisha. Ni kuingia dukani pasipo kufuatwa na mulinzi. Ni kuona kitambaa cha kufungia kidonda kilichotengenezwa kwa rangi ya mwili wake. Alisema kwamba alifundishwa kuona ubaya wa rangi katika matendo ya watu wabaya, hakufundishwa kuona faida ambayo yeye mwenyewe huamuka nayo kila asubui. Mimi sipendi kuchukua kila neno la Marekani na kulipanda katika udongo wetu. Lakini swali lake ni zuri, na ukiliuliza juu ya Kongo, karatasi hazitatosha.

Tuanze na njia za muji. Elisabethville, ambao leo tunauita Lubumbashi, ulianza mwaka 1910, wakati gari la moshi lililotoka Rhodesia lilipofika. Waliopima muji walichora miji miwili: upande huu barabara pana zenye miti kwa Wazungu, upande ule « cité » ya weusi, na katikati uwanja mutupu wa mamia ya mita. Sababu waliyoitoa ni mbu. Walisema kwamba mbu aliyenyonya damu ya mweusi hawezi kuruka mbali hivi na kumuletea Muzungu homa. Lakini mupishi, boyi na mulinzi walilala katika lupango lile lile la bwana wao, ndani ya vibanda vya nyuma vilivyoitwa « boyerie ». Mbu wa boyi alikuwa na adabu gani hata asivuke bustani?

Usiku mweusi hakuruhusiwa kuzunguka katika muji wa Wazungu pasipo karatasi ya bwana wake. Baba wa watoto sita, pengine katekista anayejua Injili kwa moyo, alisimamishwa na polisi na kuulizwa: « Karatasi yako iko wapi? » Kando yake alipita kijana wa Ubeleji aliyefika juma lililopita, akipiga muluzi. Kijana yule hakumufanyia mutu ubaya. Alikuwa akitembea tu. Hapo ninataka wasomaji wasimame kidogo, maana ni hapo jibu la museminari wangu linapoanza. Kutembea kule pasipo kufikiri ndiko kulikokuwa haki yake, na wala hakuiomba, wala hakuweza kuirudisha hata kama angetaka.

Mambo mengine nitayapita upesi, maana wazee wenu watawaambia vizuri kuliko mimi. Katika maduka mengi mweusi alinunua kwa dirisha, Muzungu ndani. Katika mashua za muto Kongo Muzungu alikuwa na chumba chake juu, na weusi walikaa na mizigo na mbuzi juu ya vyombo vilivyofungwa kando. Lopitali mbili, makaburi mawili, shule mbili. Sinema zilichaguliwa kwanza ili mweusi asione Wazungu wakifanya mambo ya aibu. Na tena lile neno « tu ». Katika Kifaransa mutu humwambia mutoto, rafiki au imbwa « tu », na kwa mutu wa heshima husema « vous ». Muzungu wa miaka 20 alimwambia muzee mwenye mvi « tu », na kumwita « boy ». Patrice Lumumba, siku ya uhuru, tarehe 30 ya mwezi wa sita 1960, mbele ya mufalme Baudouin, alilitaja neno hili dogo pamoja na vifungo na risasi. Wabeleji wengi walishangaa kwamba mutu anaweza kukumbuka jambo kama hili siku kubwa namna ile. Kushangaa kwao ni ushuhuda kamili wa habari ninayoieleza.

Mwandishi mweusi wa Marekani, W. E. B. Du Bois, alionyesha mwaka 1935 kwamba mufanyakazi mweupe masikini, hata akipata franka chache, alilipwa mushahara wa pili ambao hauhesabiwi katika buku la karani: heshima, mulango wa mbele, polisi aliye upande wake. Kwetu ilikuwa hivyo, na zaidi. Kijana aliyekula viazi kwa baba yake katika kijiji cha Flandre alifika Kongo akapata mupishi, boyi na mutu wa bustani katika mwezi wa kwanza. Aliandika kwa mama yake kwamba Kongo ni inchi nzuri. Hakusema uongo.

Sasa tuje kwa habari ya karta, ambayo kwangu inafundisha kupita zote.

Nyuma ya vita vya pili vya dunia, watu waliosoma walikuwa wengi: makarani, waalimu, wasaidizi wa waganga, na watu waliotoka katika seminari zetu. Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza wa inchi, alisoma filozofia katika seminari kubwa ya Kabwe mbele ya kuwa karani. Waliitwa « évolués », maana yake watu waliopanda. Walivaa suti, walisoma magazeti, na bado polisi aliwauliza karatasi usiku. Wakalalamika. Serikali ikatoa mwaka 1948 « carte du mérite civique », na mwaka 1952 ikatengeneza upya « immatriculation », karta kubwa zaidi, iliyomukaribisha mweusi kwa sheria za Wazungu. Mwenye karta ya kwanza hakupigwa tena fimbo, aliweza kuhukumiwa na muamuzi Muzungu, na kupita katika muji wa Wazungu nyuma ya saa kumi na mbili ya jioni. Tazameni vizuri zawadi hizi. Kutopigwa. Kutembea jioni.

Na ili kupata zawadi hizi, mutu alichunguzwa. Asiwe na wake wawili, asiwe na uchawi, asiwe amefungwa kwa wizi. Hayo ni sawa. Lakini kwa karta ya mwaka 1952 watu wa komisyo walifika hata nyumbani. Walitazama kama watoto wana chumba chao cha kulala, kama choo ni safi, kama baba, mama na watoto wanakula pamoja mezani, kwa kisu na kanya. Mama wa nyumba alisimama kando ya ukuta, mikono nyuma, huku mugeni akifungua kabati lake. Lumumba mwenyewe, karani wa posta huko Stanleyville, alikataliwa mara ya kwanza; alilalamika, akaipata mwaka 1954. Mwisho wa mwaka 1958, katika inchi yenye watu zaidi ya milioni 13, wenye karta ya kwanza walikuwa 1.557, na wenye immatriculation 217 tu.

Miaka mingi nilifundisha hesabu hiyo ya 217 kama ushuhuda wa ubakhili wa serikali. Siku hizi ninaifundisha namna nyingine. Ninawauliza waseminari: wakati ule Wazungu wa Kongo walikuwa zaidi ya 100.000. Nani alifungua kabati zao? Nani aliuliza kama watoto wao walala wawili kitandani? Kati yao walikuwako walevi, walikuwako wenye muke mumoja Ubeleji na mwanamuke mwingine katika cité, walikuwako wasioweza kuandika barua moja pasipo makosa kumi. Hakuna komisyo iliyofika kwao. Walikuwa na haki zote za karta pasipo karta. Mweusi alipaswa kushuhudia kwamba yeye ni mutu, mweupe alisadikiwa. Wala tusisahau kwamba wengi kati ya watu wa komisyo walisadiki kabisa kwamba wanafanya tendo la mapendo kwa weusi.

Tena jambo baya zaidi: karta ilifundisha mwenye kuipata kumuzarau asiyekuwa nayo. Watu wa muji waliwaita « mundele ndombe », Muzungu mweusi, na jina hili halikuwa la sifa. Mutu aliyesumbuka miaka kumi ili asipigwe fimbo hakupenda kuonekana pamoja na ndugu yake anayepigwa. Sisi wapadri tusijifanye wageni kwa habari hii. Mara ngapi tumejengewa nyumba ya matofali, na katekista aliyefungua kijiji kile mbele yetu analala katika nyasi?

Pengine mutu atasema: karta na velo na dirisha la duka si mauti. Basi asome habari za mwaka 1941. Wakati wa vita bei za vitu zilipanda sana, na Union Minière ilitaka shaba nyingi. Wafanyakazi Wazungu walijifunga katika chama chao, wakagoma, wakasikilizwa na kampani. Hakuna aliyewapiga risasi. Weusi waliona. Katika mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule nao waligoma, wakiomba mushahara wa kuwatosha. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mupira huko Elisabethville, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa ajili yao, aliuawa pale. Hesabu ya wafu haipatani: ya serikali ni makumi, na watu wa muji wanasema zaidi. Kampani ilikuwa moja, mwaka mumoja, njaa moja. Ruhusa ya kufanya vyama vya kazi kwa weusi ilitoka mwaka 1946.

Je, Eklezya? Museminari wangu hakuuliza, lakini ninajua kwamba wengine wanauliza usiku katika vyumba vyao. Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, alipewa upadri huko Baudouinville tarehe 21 ya mwezi wa saba 1917, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu. Mbele ya upadri wake, mwaka 1910 na 1911, maandiko yake juu ya roho na akili za Wabantu yalichapwa kwa Kifaransa katika gazeti moja huko Ubeleji. Alijua Kilatini kuliko Wazungu karibu wote wa Katanga. Nyuma ya miaka miwili, 1919, Baba Mutakatifu Benedikto XV aliandika katika « Maximum illud » kwamba mapadri wenyeji wasifundishwe kwa kazi za chini tu, kama watumishi wa wageni, bali waweze siku moja kuongoza taifa lao. Mwaka 1926 Pius XI, katika « Rerum Ecclesiae », alikaripia wale wanaowaza kwamba wenyeji ni kabila la chini lenye akili nzito. Papa haandiki karipio kama hakuna mwenye kukaripiwa.

Katika miji, Wazungu walikuwa na kanisa lao, weusi na lao, na watu wengi walihesabu jambo hili kama majira ya mvua na ya jua. Wapadri wazee waliotutangulia walitueleza kwamba katika misioni nyingine padri mweusi na padri Muzungu walikula mezani mbalimbali. Walisali brevyari moja, walishika kalisi moja, halafu wakagawanyika mbele ya sahani. Simwiti mumisionari yeyote kwa jina, na wengi walizikwa katika udongo wetu kwa kuwatumikia wagonjwa. Lakini askofu wa kwanza mweusi wa inchi, Pierre Kimbondo, alipewa uaskofu mwaka 1956, miaka 39 nyuma ya upadri wa Kaoze. Mwaka ule ule maaskofu wa Kongo walitangaza kwamba wenyeji wana haki ya kushiriki katika uongozi wa inchi yao. Walisema vizuri. Walisema kwa kuchelewa.

Na watoto waliozaliwa na baba Muzungu na mama mweusi? Hao waliharibu ule mustari uliochorwa kwa uangalifu mukubwa namna ile; kwa hiyo serikali iliwaondoa wengi kwa mama zao na kuwatia katika nyumba za misioni, kama huko Katende katika Kasai. Maaskofu wa Ubeleji waliomba musamaha mwaka 2017, waziri mukubwa wa Ubeleji mwaka 2019. Tarehe 2 ya mwezi wa kumi na mbili 2024 tribinali ya Bruxelles ilihukumu serikali ya Ubeleji kwa ajili ya wamama watano walioondolewa hivi wakiwa watoto, na kuliita tendo hili kosa juu ya ubinadamu. Watawa waliowapokea watoto wale waliwapa chakula, nguo na katekismo. Hata hapa swali la museminari wangu linarudi.

Mwaka 1959 serikali ilitoa sheria moja ya kazi kwa watumishi wake wote, weusi na weupe. Katika jeshi hakuna kilichogeuka. Siku ya uhuru askari walikuwa karibu 25.000, na hakuna ofisa mweusi hata mumoja. Siku chache nyuma, jenerali Janssens aliandika ubaoni mbele ya askari kwamba « mbele ya uhuru » na « nyuma ya uhuru » ni sawasawa. Wengi husema alikuwa mutu wa kiburi. Mimi ninadhani aliandika tu kile alichokiona kila siku tangu alipofika Kongo. Askari wakaasi.

Tarehe 8 ya mwezi wa sita 2022, huko Kinshasa, mufalme Philippe alisema mbele ya watu kwamba utawala ule ulisimama juu ya ubaguzi na zarau ya rangi, na kwamba hauwezi kuhesabiwa haki. Alisema pia kwamba Wabeleji wengi walipenda Kongo kwa moyo. Mambo mawili haya yanaweza kukaa katika mutu mumoja, na bwana wa nkambo yule alikuwa mumoja wa watu hao.

Je, yamekwisha? Mwaka uliopita nilimusindikiza binti mumoja Muzungu, mwenye miaka 23, aliyekuja kutusaidia miezi mitatu, kwa biro moja ya muji wetu. Mulinzi wa mulango, mweusi kama mimi, alimupigia saluti, kisha akaniomba mimi karta ya utambulisho. Ndani walimuletea kiti. Nilisimama. Mimi ni padri tangu miaka zaidi ya 25, nami nilikuwa ndiye mwenye barua na mwenye shauri. Wakati wa kurudi, ndani ya gari, binti akaniambia kwa furaha kwamba watu wa hapa wanajua kupokea wageni. Nilitaka kumueleza, nikanyamaza, na siku nyingi nimejilaumu juu ya kunyamaza kule. Katika miji yetu ya mashariki, mutu wa hapa na mutu wa Ulaya huweza kufanya kazi moja katika biro moja, mumoja na mapatano ya « local », mwingine na ya « expatrié », na franka zao hazifanani. Wanaofungua mulango ni sisi. Wanaoleta kiti ni sisi. Nilipokuwa paroko, siku mugeni mweupe alipofika ghafula kwa Misa, ni mimi niliyemwinua mukubwa wa kijiji kutoka katika benchi la mbele.

Wakati wa likizo nilimuomba museminari wangu amuulize nkambo wake jambo moja tu juu ya ile velo: aliipanda mpaka wapi? Muzee yule, ambaye amepita miaka 90, alicheka kwanza. Kisha akasema kwamba aliipanda toka cité mpaka pembe ya barabara ya bwana. Pale alishuka, akavua kofia, akaisukuma kwa mikono hata mulangoni. Hakuna aliyemuamuru. Na bwana, akasema, hakumuuliza hata siku moja kwa sababu gani anashuka.